Milimita 50 juu ya Mlima Hanang

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi mji wa Katesh na maeneo ya Gendabi, Jorodom na Sarijandu, na kufikia katikati ya mwezi huo Serikali ilikuwa imehesabu vifo 89. Ilikuwa mwisho wa juma, siku ambazo vikundi kutoka Arusha na Babati hupendelea kuja kupanda, na njia inayotumiwa na wengi, ile ya Jorodom, inaanzia upande huohuo ulioporomoka.

Utabiri haukukosekana. Agosti mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imetangaza kwamba vuli ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Ila utabiri wa msimu husema habari za miezi mitatu. Hauwezi kumwambia mtu anayefunga begi Ijumaa jioni kama Jumamosi apande au abaki. Kwa uamuzi huo zipo namba nyingine, na ni vizuri tuzijue zinavyofanya kazi.

Tuanze na milimita 50. Ndicho kiwango ambacho mvua ikikivuka ndani ya saa 24, TMA huiita mvua kubwa. Kwa kusikia, 50 ni namba ndogo, kina cha maji kisichofika kwenye kifundo cha mguu. Lakini milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo milimita 50 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50, yaani tani 50,000, au maboza 5,000 ya lita 10,000 kila moja. Hiyo ni kilomita moja tu ya mraba, na Hanang ni mlima wa zaidi ya mita 3,400 ambao mbavu zake zimechanwa na makorongo marefu. Maji hayo hayatulii pale yalipoangukia. Yanakusanyika korongoni na kushuka yote kwa pamoja.

Hapa ndipo mwisho wa msimu unapokuwa hatari kuliko mwanzo wake, ingawa wapandaji wengi huamini kinyume, kwamba mvua zikielekea kuisha mlima umeanza kuwa salama. Milimita 50 za Oktoba huangukia udongo uliokauka, nao hunywa sehemu kubwa. Milimita 50 za Desemba, au za Mei masika yanapoaga, huangukia udongo ulioshiba. Wataalamu waliochunguza maafa ya Hanang walieleza kwamba miamba dhaifu ilikuwa imefyonza maji mengi hadi ikamomonyoka. Kwa hiyo kuangalia mvua ya kesho peke yake hakutoshi. Jumlisha na ya wiki mbili zilizopita, na uwaulize wakazi, maana wao wameiona ikinyesha.

Namba ya pili ni asilimia. Simu ikikuonyesha uwezekano wa asilimia 30 wa radi Jumamosi na asilimia 30 tena Jumapili, wengi husoma 30 na kutulia. Uwezekano wa siku zote mbili kupita bila radi ni 0.7 mara 0.7, yaani asilimia 49. Kwa safari ya siku mbili, basi, uwezekano wa kukutana na radi angalau mara moja unapita nusu kidogo. Hesabu hiyo huchukulia kila siku kivyake. Kwa kweli hali ya siku moja mara nyingi hufanana na ya siku iliyotangulia, hivyo namba inaweza kushuka kidogo, lakini hairudi kwenye 30.

Tena hiyo asilimia ni ya wapi? Mifumo mikubwa ya utabiri duniani hugawa ardhi katika miraba. Ule wa Ulaya una miraba ya takriban kilomita 9, wa Marekani kilomita 13. Mlima mzima wa Hanang unaweza kumezwa na mraba mmoja au miwili, na kilele kikalainishwa kuwa kilima. Ukiandika Katesh kwenye simu, unapewa hali ya mjini. Kileleni, zaidi ya mita 1,500 juu yake, tarajia nyuzi 10 hivi pungufu, kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Mtu aliyelowa kwenye nyuzi 12 zenye upepo anaweza kupoteza joto la mwili kwa kiwango cha kumuua.

Sasa fedha. Tuchukue mfano wa watu 6, kila mmoja ametenga shilingi 80,000, jumla 480,000. Wakiahirisha Ijumaa, tuseme wanapoteza 120,000: nauli ya awali na ujira wa mwongoza njia, ambao ni haki alipwe kwa sababu amekataa kazi nyingine kwa ajili yao. Mmoja akivunjika mguu kwenye tope, gharama ya kumshusha, gari na matibabu tuiweke 2,400,000. Gawanya 120,000 kwa 2,400,000, unapata asilimia 5. Maana yake, hatari ya ajali ikizidi asilimia 5, kuahirisha ni nafuu. Na tukikadiria kwamba dhoruba moja kati ya nne itakayowakuta juu italeta ajali, basi uwezekano wa dhoruba wa asilimia 20 unatosha kuwabakiza nyumbani. Hapo hatujahesabu uhai, nao haupangiwi bei.

Hatujahesabu wabebaji pia. Machela moja hushikwa na watu 6 kwa wakati mmoja, na mteremko mrefu hudai zamu mbili au tatu: watu 12 hadi 18. Hao hawatoki Arusha. Ni vijana wa vijiji vya chini ya mlima, wanaoacha shamba na kuingia kwenye korongo lilelile lenye maji kwa sababu kikundi cha mjini hakikutaka kupoteza 120,000. Hili linaniuma kuliko lolote katika mjadala huu. Kutoka Masakta hadi Jorodom, watu wa Hanang wanaishi na mlima huu mwaka mzima, na hatari yao wenyewe inawatosha.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni kuondoka mapema. Kwa radi za alasiri ni kweli: kwenda na kurudi huchukua takriban saa 10 au zaidi, na anayeanza saa 10 usiku anaweza kuwa chini kabla au karibu na saa 9 mchana, mawingu yanapokuwa mazito. Kwa mlima ulioshiba maji haisaidii kitu. Maporomoko ya 2023 yalikuja alfajiri. Yale ya West Pokot nchini Kenya, Novemba 2019, yaliwakuta watu usiku wamelala.

TMA hutoa tahadhari za siku tano bila malipo, kwa rangi tatu: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Maoni yangu ni haya: Manyara, mkoa ulipo mlima huu, ikiwekewa njano baada ya wiki mbili za mvua, usipande. Ikiwa chungwa au nyekundu, hata Katesh usiende, wala usikae karibu na korongo. Mlipe mwongoza njia wako, panga tarehe nyingine, na umpigie simu kabla hujaipanga, kwa kuwa yeye ndiye anayejua udongo umelowa kiasi gani.