Cheche Ndogo, Hasara Kubwa: Namna ya Kuilinda Nyumba na Moto wa Upepo

Tarehe 8 Novemba mwaka 2018, yapata saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kulabu moja ya chuma iliyoshikilia waya wa umeme ilikatika katika bonde la mto Feather, jimbo la California, huko Marekani. Kulabu hiyo ilikuwa imefanya kazi karibu miaka 100, na chuma chake kilikuwa kimelika. Waya ulipoanguka, cheche ziliruka juu ya majani makavu, maana mvua za vuli zilikuwa zimechelewa sana. Upepo mkali wa kaskazini mashariki ukauchukua moto na kuupeleka kuelekea mji wa Paradise, wenye watu 26,000 hivi.

Kabla ya adhuhuri sehemu kubwa ya mji huo ilikuwa imekwisha kuungua au ilikuwa ikiungua. Watu walijazana barabarani katika motokaa zao, na wengine hawakuwahi kutoka. Watu 85 walipoteza maisha, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Mwaka 2020 kampuni ya umeme yenye waya ule ilikiri mbele ya mahakama mashtaka 84 ya kuua bila kukusudia.

Hakuna idara ya zimamoto, iwe tajiri namna gani, iwezayo kuweka motokaa moja mbele ya kila nyumba siku kama hiyo. Kwa hiyo kila mwenye nyumba yampasa kujua ni kitu gani hasa huichoma nyumba yake, na ni kazi gani aweza kuifanya yeye mwenyewe kabla ya siku ya hatari.

Miti Mibichi, Nyumba Majivu

Wataalamu waliokwenda Paradise baada ya moto waliona jambo la kushangaza. Katika mitaa mingi nyumba zilikuwa zimebaki misingi na mabomba ya moshi tu. Lakini misonobari iliyosimama katikati ya nyumba hizo ilikuwa bado ina majani, na mingine ilikuwa mibichi kabisa. Kama ukuta mkubwa wa ndimi za moto ndio uliopita mjini, mbona miti haikuungua na nyumba ziliungua?

Jibu lake lilikuwa limekwisha kutafutwa zamani na Bwana Jack Cohen, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani. Kati ya mwaka 1997 na 2000 wataalamu wa nchi mbalimbali waliwasha moto kwa makusudi katika misitu ya kaskazini ya Kanada ili kuuchunguza, na Bwana Cohen akasimamisha kuta za mbao mbele ya moto huo. Kuta zilizokuwa umbali wa mita 10 ziliwaka mara nyingine. Zile zilizokuwa umbali wa mita 20 na 30 hazikushika moto. Basi ikafahamika kwamba joto la msitu unaowaka, hata likiwa kali namna gani, halifiki mbali kama watu wanavyodhani.

Kifikacho mbali ni cheche. Upepo huvunja vipande vya magome, matawi na majani yanayowaka, ukavirusha mbele ya moto wenyewe, pengine zaidi ya maili moja. Vipande hivyo huanguka kama mvua juu ya mji. Vingi huzimika bila ya kudhuru kitu. Lakini kimoja kikipata majani makavu juu ya paa, au kikapenya katika tundu hata darini, kinatosha. Mwenye nyumba huenda akawa amekwisha kukimbia, na cheche ile hukaa ikifuka moshi kimya kimya, na baada ya saa moja au mbili nyumba huwaka kutoka ndani.

Mwaka 2010 makampuni ya bima ya Marekani yalifungua mahali pa majaribio katika jimbo la South Carolina. Humo mna mashine za upepo 105, nazo hupuliza cheche juu ya nyumba kamili iliyojengwa kwa ajili ya jaribio. Majaribio hayo yameonyesha wazi kwamba upepo hulundika cheche mahali pale pale ulipolundika majani makavu: katika pembe za paa, katika mifereji ya maji ya mvua, na chini ya ukuta.

Usipoziba Ufa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo la moto wa upepo maneno hayo ni kweli kabisa, maana milango ya adui huyu ni midogo.

Mlango wa kwanza ni paa. Paa la bati au la vigae vya udongo haliwaki, lakini majani makavu yaliyokusanyika juu yake huwaka. Yafaa paa na mifereji yake isafishwe kabla ya kiangazi, na nafasi zilizoachwa na mikunjo ya bati ukingoni mwa paa zizibwe kwa saruji au udongo.

Mlango wa pili ni matundu ya kupitishia hewa. Hayawezi kuzibwa kabisa, maana dari itaota ukungu, lakini yaweza kufunikwa kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sehemu ya nane ya inchi. Wavu wa plastiki haufai, kwa kuwa huyeyuka.

Mlango wa tatu ni ardhi iliyo karibu na nyumba, na huu ndio unaosahauliwa na watu wengi. Wataalamu wa California huigawanya katika sehemu tatu. Futi 5 za kwanza kutoka ukutani zisiwe na kitu chochote kiwezacho kuwaka: si kuni, si majani makavu, si ua wa miti ulioungana na ukuta. Iwe ni udongo mtupu, changarawe au mawe. Kutoka futi 5 hata futi 30, nyasi ziwe fupi, matawi ya chini ya miti yakatwe, na kuni zihamishiwe mbali zaidi ya hapo. Kutoka futi 30 hata futi 100, vichaka vipunguzwe ili moto ukifika ushuke chini na kupungua nguvu. Si lazima kung'oa kila mti, maana mlima uliovuliwa nguo huchukuliwa na maji ya mvua, na mwenye shamba hujiepusha na hasara moja akajiletea nyingine.

Nyumba ya Jirani

Lakini mtu mmoja hawezi kujilinda peke yake. Nyumba ikisha kushika moto hutoa joto kali kwa muda mrefu kuliko kichaka, nayo hurusha cheche zake mwenyewe. Wataalamu waliochunguza nyumba za Paradise walikuta kwamba katika nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1997, zilizookoka zilikuwa 11 au 12 tu katika kila 100. Na katika zile zilizojengwa tangu mwaka huo, zilizookoka zilikuwa 38 au 39 katika kila 100. Walikuta pia kwamba nyumba iliyokaribiana na nyumba iliyoungua ilikuwa katika hatari kubwa zaidi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Jambo hilo lilionekana tena katika mji wa Lahaina, visiwa vya Hawaii, tarehe 8 Agosti 2023. Kando ya mji huo palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1999 mashamba yaliachwa, yakaota nyasi ndefu za kigeni, baadhi yake zikiwa ni nyasi za asili ya Afrika zilizopelekwa huko zamani kuwa malisho ya ng'ombe. Zilipokauka na upepo mkali ukavuma, moto wa nyasi uliingia mjini, na tangu hapo ulikwenda nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya 100 walikufa na majengo zaidi ya 2,000 yaliungua. Shamba lililoachwa na mtu mmoja laweza kuwa msiba wa watu wote.

Mambo ya Kufaa Nchini Kenya

Nyasi hizo ndizo zimeazo katika nyanda za Kenya, na kiangazi cha nchi hii si kigeni kwa moto. Mwezi wa Machi 2012 moto uliunguza sehemu za Mlima Kenya, na mwezi wa Februari 2022 uliunguza sehemu za milima ya Aberdare. Mkulima akaaye kando ya msitu au mbuga anaweza kuyatumia mafundisho haya bila ya gharama kubwa.

Wengi wanayo desturi njema ambayo wataalamu wa ng'ambo sasa wanaisifu bila ya kujua kwamba ni ya zamani, nayo ni desturi ya akina mama ya kufagia kiwanja mpaka udongo mtupu uonekane. Kiwanja cha namna hiyo ndizo zile futi 5 za kwanza, na zaidi. Lakini mara nyingi kiwanja hufagiwa vizuri, kisha kuni zikaegemezwa ukutani, mabua ya mahindi yakarundikwa nyuma ya ghala, na ua wa miiba mikavu ukagusa nyumba. Hapo kazi ya ufagio hupotea bure.

Nyumba ya nyasi ina shida zaidi, kwa kuwa paa lenyewe ndilo kuni, na cheche haina haja ya kutafuta tundu. Kwa hiyo watu wenye nyumba za namna hiyo wapaswa kuacha nafasi kubwa kati ya nyumba na nyumba, na kati ya nyumba na ghala, ili moto mmoja usile chakula cha mwaka mzima pamoja na malazi. Kadhalika wapatane kijiji kizima kufyeka ukanda mpana upande ule upepo utokako, kabla nyasi hazijakauka. Na mtu anayechoma takataka za shamba angoje siku isiyo na upepo, wala asiuache moto kabla haujazimika kabisa.

Mali na Uhai

Kazi yote hii ni ya kuokoa nyumba bila ya mtu kuwamo ndani. Huko Australia, jimbo la Victoria, tarehe 7 Februari 2009, watu 173 walikufa kwa moto wa upepo. Wengi walikufa ndani ya nyumba. Wengine walikuwa wameamua kukaa na kupigana na moto, na wengine walingoja kuona kwanza, na walipoona, njia ilikuwa imekwisha kufungwa kwa moshi na miti iliyoanguka.

Basi kila mji uwe na shauri lake mapema: njia ipi itafuatwa, na kama hiyo imefungwa, ipi nyingine, nani atamchukua mzee asiyeweza kutembea, nani atawafungulia ng'ombe, na watu wote watakutana wapi. Siku ya upepo mkali wazee, wagonjwa na watoto waondoke kwanza, kabla moshi haujaonekana karibu. Nyumba iliyosafishwa vizuri yaweza kukutwa imesimama watu warudipo. Na kama haikusimama, watakuwapo wa kuijenga tena.