Simu ya Kiziwi Isiwe Mzigo wa Jirani

Mkulima wa chai wa Masaba Kaskazini akitaka kujua kama mtaalamu wa macho yupo leo, huipigia hospitali kwanza, ndipo atoe nauli ya matatu hadi Nyamira mjini. Mkulima huyohuyo akiwa kiziwi, hutafuta kwanza mtu wa kumpigia: mtoto aliyerudi kutoka shule, jirani, au mwenye duka la M-Pesa. Mtu huyo atajua ugonjwa ni upi, deni ni kiasi gani, kesi imeahirishwa hadi lini. Tena atafupisha apendavyo, na maelezo ya daktari ya dakika tano yatafika kama “amesema urudi Jumatatu.” Nchi kadhaa zilikwisha kuupunguza ugumu huu kwa kumweka katikati ya simu mtu aliyefunzwa na anayebanwa kutunza siri. Naona Kenya inapaswa kufanya vivyo hivyo, na kuihesabu huduma hiyo kuwa sehemu ya mtandao wa simu, kama ilivyo minara, wala si hisani.

Kazi yenyewe haina fumbo. Kiziwi huandika ujumbe, au hufanya ishara mbele ya kamera ya simu. Mhudumu aliye kituoni humsomea au humtafsiria mtu wa upande wa pili kwa sauti, kisha humrudishia kiziwi jibu lote, bila kuongeza lake. Chimbuko lake ni mwaka 1964, pale Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa Marekani, alipotengeneza kifaa kilichowezesha mashine za kuchapa kuwasiliana kupitia simu ya kawaida. Kasoro ni kwamba mashine ilihitajika pande zote mbili, na wanaosikia hawakuwa na sababu ya kuinunua. Ndipo wakahitajika watu wa kati. Sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu ikazitaka kampuni za simu kuitoa huduma hii nchi nzima kufikia Julai 1993, na tangu 2001 mtu hubonyeza 711 tu. Mpigaji halipi zaidi ya gharama ya simu ya kawaida. Gharama za huduma hubebwa na michango ya kampuni za simu, na wahudumu wamekatazwa kutoboa waliyoyasikia.

Kenya haikosi sheria. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka watoaji wa huduma za simu za umma waweke, kadiri inavyowezekana, vifaa vya kuwafaa wasiosikia. Ni agizo la enzi ya vibanda vya simu vya barabarani. Vibanda vikageuka vyuma chakavu, simu zikahamia mifukoni, na agizo likakosa pa kushika. Sensa ya 2019 ilipata watu 153,361 wenye ugumu wa kusikia na 111,356 wenye ugumu wa kuwasiliana (wapo waliohesabiwa kote kuwili, kwa hiyo tusijumlishe).

Watakuwapo wa kusema kwamba WhatsApp imemaliza tatizo. Imelipunguza, hasa viziwi wanapoongea wao kwa wao kwa video. Lakini ujumbe humfaa mtu anayetaka kuujibu. Karani wa mahakama, polisi na mhudumu wa benki mwenye shaka juu ya muamala hupendelea kupiga, na asiyepokea huonekana mkaidi. Tena Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, mbali na ya Kiingereza au ya Kiswahili. Aliyechelewa kupelekwa shule ya viziwi, au hakupelekwa kabisa, aghalabu husoma kwa taabu. Kumwambia aandike ni kumtaka ajadili upasuaji wake kwa lugha ya kigeni.

Nyamira inaongeza jambo ambalo mfano wa Marekani hautufundishi. Bibi mzee wa Ekerenyo huongea Ekegusii, na si ajabu Kiswahili chake kiishie sokoni. Mkalimani anayejua ishara, Kiingereza na Kiswahili pekee hawezi kumsaidia mjukuu kiziwi aliye Nairobi kuzungumza na bibi huyo. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, ambazo wengine wanazitaja kama suluhisho la bei nafuu, kwa Ekegusii bado si za kuaminiwa katika habari ya dawa au shamba. Wakalimani nao ni wachache, na uchache huo ndio unaonifanya nikitetee kituo cha simu. Mkalimani anayesafiri hadi Nyansiongo kwa mazungumzo ya robo saa amepoteza siku nzima. Akiwa kituoni, siku hiyohiyo anaweza kuhudumia Keroka, Manga, Kisii mjini na Abagusii walio Mombasa. Mjuzi wa Ekegusii akiwapo katika kila zamu, hiyo ni hatua ambayo ukalimani wa ana kwa ana hauwezi kuifikia.

Fedha? Upo Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni zenye leseni. Umekwisha kujenga minara mahali ambapo biashara haikutaka kwenda. Kiziwi aliye chini ya mnara huo bado hajafikiwa na simu ya sauti. Kuhusu bando ghali na simu za kisasa, hoja ina uzito, na ndiyo maana huduma isianze na isiishe kwa video: ujumbe mfupi hufanya kazi hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Kuhusu siri, tukumbuke anayeisikia leo ni mtoto wa darasa la sita ambaye hakuna kanuni inayombana.

Kuna kundi ambalo lingeweza kuhudumiwa kwanza: wenye kusikia vizuri lakini usemi wao umeathiriwa, kwa mfano na kiharusi au kigugumizi kikali. Marekani ina wahudumu waliofunzwa kuyasikiliza matamshi hayo na kuyarudia kwa uwazi, simu ikiendelea. Kazi hiyo haihitaji kamera, bando wala ujuzi wa ishara, na vituo vya huduma kwa wateja vya kampuni zetu tayari vina viti, simu na zamu za usiku.