Mzigo na Furushi

Mazungumzo yetu ya juma hili yahusu safari ya miguu: marafiki wawili, mikoba mgongoni, siku mbili njiani. Someni nyumbani Wagalatia sura ya 6, kutoka kifungu cha 2 mpaka cha 5.

Hapo Mtume Paulo asema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza awaagiza Wakristo kusaidiana mizigo. Kisha, vifungu vichache tu mbele, asema kila mtu ana wake wa kubeba. Je, tusaidiane, au kila mtu ajitegemee? Katika Kigiriki maneno ni mawili. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu. La pili ni kile ambacho msafiri amefunga kwa ajili yake mwenyewe. Ndiyo sababu Biblia yetu ya Union Version yataja mizigo hapo kwanza, na baadaye yataja furushi. Tofauti hiyo huonekana wazi barabarani kuliko mezani.

Tuchukue mfano wa Chewele, upande wa Bura katika kaunti ya Tana River, kati ya Garissa na Hola. Ni nchi kame, yenye migunga na miiba ya mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 na sasa umeenea kila mahali. Kando yake wapita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukielekea Hola, Garsen na hatimaye Bahari ya Hindi. Tuseme vijana wawili wataka kuufuata mto kwa miguu Ijumaa na Jumamosi, ili Jumapili wawe kanisani. Wabebe nini?

Jambo la kwanza ni maji. Katika jua lile, mtu atembeaye ahitaji lita 4 kwa siku au zaidi. Wawili kwa siku mbili ni lita 16, nazo ni kilo 16 kabla ya unga na blanketi. Kwa hiyo hawawezi kubeba maji yote tangu nyumbani. Ni lazima wajue mahali pa kuyafikia. Wenyeji huziita njia hizo malka: ni mapito yaliyoachwa wazi kati ya mashamba ya Wapokomo ili mifugo ya Waorma na wafugaji wengine ifike mtoni kunywa. Malka si mali ya mtu mmoja. Ikizibwa, ugomvi huzaliwa. Nasi twakumbuka kwa huzuni mauaji ya mwaka 2012 katika Delta ya Tana, ambapo ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Basi vijana wetu wapite kwanza kwa chifu na wazee, waulize njia na usalama. Mtoni wajihadhari na mamba na viboko, nayo maji wayachemshe. Tena wasilale ukingoni wala ndani ya laga kavu, kwa maana mvua ikinyesha kule Mlima Kenya, mto huweza kufurika huku chini hata kama mbingu ni nyeupe.

Sasa wafungashe. Sufuria moja yatosha wawili. Mmoja aichukue, mwenzake achukue unga na turubai. Mmoja akijikwaa na kuumia mguu, mwenzake abebe yote. Huo ndio mzigo. Lakini chupa ya maji, kiberiti na firimbi, kila mmoja awe na vyake, hata kama rafiki yake ni mwaminifu namna gani. Hilo ndilo furushi.

Kwa nini? Historia ya mto huu yatufundisha. Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa na rafiki Mkamba aitwaye Kivoi, wa Kitui. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea Tana, mbali sana juu ya Chewele. Karibu na mto wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, Krapf akabaki peke yake na kiu kali. Alipoufikia mto hakuwa na hata kibuyu. Akatia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vitambaa, akasafiri usiku na kujificha mchana. Alipona, akarudi Rabai. Kivoi alikuwa rafiki wa kweli. Hata hivyo saa ile hakuweza kumpa mwenzake tone la maji.

Ndugu mpendwa, katika usharika wako iko mizigo ambayo hakuna aliyeumbwa kuibeba peke yake: msiba, ugonjwa wa muda mrefu, ukame uliomaliza mifugo, karo ya yatima. Ukimwona jirani chini yake, usimhubirie habari za kujitegemea. Inama, ushike upande mmoja.

Lakini liko pia furushi. Mke wako hawezi kutubu kwa niaba yako. Mchungaji hawezi kukusamehea adui yako. Mama yako alikuombea miaka mingi, lakini sala zake si chupa yako ya maji. Siku yaja utakapojikuta peke yako kichakani, na utakunywa kile ulichobeba mwenyewe.

Basi juma hili jiulize maswali mawili. Ni mzigo wa nani nimeupita njiani? Na katika furushi langu, mna nini?

Tuombe. Bwana, utupe mabega ya kuwasaidia wenzetu, na mioyo isiyoikimbia sehemu yetu. Amina.