Ukuta wa Rashford: Wahuni waliuchafua usiku, mtaa ukajibu asubuhi

MANCHESTER, ENGLAND

STRAIKA akikosa penalti ya fainali, kesho yake anatafuta pa kujificha. Marcus Rashford hakuwa na pa kujificha. Uso wake ulikuwa umechorwa kwenye ukuta wa mgahawa mtaani Withington, kusini mwa Jiji la Manchester, mkubwa kiasi cha kuonekana na kila anayepita Barabara ya Copson.

Usiku wa kuamkia Julai 12, 2021, saa chache baada ya England kulala kwa Italia kwenye fainali ya Euro 2020, kuna watu walikwenda kuuchafua uso ule kwa rangi na matusi.

Kilichofuata ndicho kinachofanya ukuta huo uzungumzwe hadi leo.

NJAA ILIVYOMPELEKA UKUTANI

Wengi wanadhani mchoro ule uliwekwa kwa sababu ya mabao. Hapana. Rashford alipanda ukutani kwa sababu ya chakula.

Mwaka 2020, corona ilipofunga shule, watoto wa familia za kipato cha chini England walipoteza mlo wa bure waliokuwa wakiupata darasani. Rashford anaijua njaa hiyo. Amelelewa na mama yake, Melanie, aliyekuwa akipiga kazi zaidi ya moja ili watoto wale, na yeye mwenyewe alikula milo hiyo ya shule.

Juni mwaka huo akawaandikia wabunge barua ya wazi. Serikali ilianza kwa kukaza, lakini Juni 16 ikalegeza na kukubali kutoa vocha za chakula kwa watoto takriban milioni 1.3 wakati wa likizo ndefu ya kiangazi.

Oktoba mechi ikaanza upya. Hoja ya kuendeleza chakula hicho kwenye likizo nyingine ilipigwa chini bungeni kwa kura 322 dhidi ya 261. Hapo ndipo wenye migahawa midogo, wauza chipsi na maduka ya mitaani kote England walipojitokeza kugawa chakula bure, huku Rashford akikesha kwenye mtandao kuwatangaza mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa Novemba Serikali ikabadili msimamo kwa mara ya pili.

Mwezi huohuo mchoro ukakamilika. Withington kuna mradi wa wakazi unaoitwa Withington Walls, ambao kazi yake ni kuleta wachoraji wapendezeshe kuta na maduka ya mtaa huo. Ukuta wa Coffee House Cafe akapewa Akse P19, mchoraji mzaliwa wa Ufaransa mwenye maskani yake Manchester.

Jamaa hatumii brashi. Anachora kwa makopo ya rangi ya kupulizia, na sura zake huwa kama picha ya kamera. Rashford alimchora kwa nyeusi na nyeupe, akiwa ametulia, hashangilii bao. Kwenye ukuta huohuo yakaandikwa maneno ya mama yake, yanayomwambia mtu ajivunie magumu aliyoyapitia.

USIKU WA PENALTI

Wembley, Luke Shaw aliitanguliza England dakika ya pili tu. Leonardo Bonucci akasawazisha kipindi cha pili, dakika 120 zikaisha 1-1. Kocha Gareth Southgate aliwaingiza Rashford na Jadon Sancho mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, kwa kazi moja tu ya kupiga penalti.

Rashford alimpeleka kipa Gianluigi Donnarumma upande mwingine, ila mpira ukagonga nguzo. Sancho na kinda wa miaka 19, Bukayo Saka, wakapanguliwa. Italia ikabeba ndoo kwa penalti 3-2.

Wote watatu ni weusi. Simu zao zikajaa matusi ya ubaguzi na vikatuni vya nyani hata kabla mashabiki hawajafika nyumbani. Ni England ileile iliyokuwa ikiwaimba mchana.

Ukuta wa Withington nao ukapata wa kwake usiku huo. Baadaye polisi wa Manchester walisema yaliyoandikwa pale hayakuaminika kuwa ya kibaguzi. Lakini asubuhi ile, mtu mweusi aliyepita pale na kukuta uso wa kijana wa mtaani kwao umepakwa uchafu hakuhitaji kusubiri taarifa ya polisi ili aumie.

MTAA WAAMKA

Wa kwanza kufika waliyafunika matusi kwa mifuko ya plastiki ya taka. Kisha mtu akabandika karatasi yenye maneno ya kumpa moyo. Mwingine akabandika moyo aliouchora. Watoto wakaletwa na wazazi wao wakiwa na barua walizoandika wenyewe, wengine wakimwambia Rashford kwamba yeye ni shujaa wao. Kabla siku haijaisha, palipochafuliwa hapakuonekana tena, na karatasi zikaendelea kupanda na kusambaa pembeni.

Siku iliyofuata mamia ya watu walikusanyika mbele ya ukuta huo kupinga ubaguzi, wengine wakipiga goti. Michango ya mtandaoni ya kuutengeneza ikavuka lengo na kufika makumi ya maelfu ya pauni. Akse akarudi na makopo yake, akautengeneza uso wiki hiyohiyo.

Karatasi haziwezi kuishi nje kwenye mvua za Manchester. Zilibanduliwa na kupelekwa kuhifadhiwa kama kumbukumbu ya jiji. Barua ya mtoto wa shule ya msingi ikawa mali ya historia.

Rashford mwenyewe alitoa waraka. Aliomba radhi kwa penalti, akasema ilipaswa kuingia. Ila akaweka wazi kwamba hataomba radhi kwa vile alivyo na kwa kule alikotoka, kisha akajitambulisha kuwa ni mtu mweusi mwenye miaka 23, wa Withington na Wythenshawe. Katika dunia nzima iliyokuwa ikimtazama, alichagua kuutaja mtaa wake.

HATA WAITALIANO WANA UKUTA WAO

Walioshinda fainali ile nao wanajua habari za ukuta unaopata majeraha. Mjini Naples, kwenye vichochoro vya Quartieri Spagnoli, Mario Filardi alimchora Diego Maradona mwaka 1990, Napoli ilipobeba ubingwa wake wa pili wa Serie A.

Pale hakukuwa na wahuni wa usiku. Kulikuwa na jua, mvua na dirisha. Miaka ilivyokwenda rangi ilipauka, na kwenye ghorofa ileile likatobolewa dirisha palepale penye kichwa cha Diego. Mfalme wa Naples akabaki mwili bila uso.

Mwaka 2016 fundi wa mtaani hapo, Salvatore Iodice, aliufufua mchoro, na mwaka uliofuata Francisco Bosoletti kutoka Argentina akauchora uso upya. Dirisha halikuzibwa, sura ikapakwa kwenye mbao zake. Likifunguliwa Diego anapotea, likifungwa anarudi.

Maradona alipofariki Novemba 25, 2020, mashabiki walimiminika hapo na mishumaa na skafu. Leo uwanja ule mdogo umezungukwa na baa na meza za jezi, na watu wanaingiza kipato cha kila siku kwa rangi iliyopakwa na kijana mmoja miaka ya tisini.

SI YA KLABU, NI YA MTAA

Sanamu ya mchezaji hujengwa na klabu na kulindwa na walinzi wa klabu. Mchoro wa ukutani hauna mlinzi. Upo usawa wa barabara, kopo moja la rangi linatosha kuuharibu. Ukidumu, ni kwa sababu wanaoishi hapo wameamua udumu.

Tangu siku zile Rashford amepitia mengi. Ameondoka Manchester United kwa mkopo, kwanza Aston Villa, kisha Barcelona, na kuna mashabiki wa Old Trafford waliomzomea na wasiotaka kusikia jina lake. Hayo ni mambo ya kiwango na kocha. Pale Withington walichokuwa wakikitetea Julai ile hakikuwa kiwango. Walikuwa wakimtetea mtoto wao aliyewahi kulala na njaa, akakua, akahakikisha wengine wanakula.