Je, Wajua? Kifundo Kilichoteguka Hufunzwa Upya

Je, wajua ya kuwa kifundo cha mguu kilichoteguka, hata baada ya uvimbe kunywea na maumivu kutoweka, huweza kubaki dhaifu katika kazi yake? Ndani ya kano zinazoshikanisha mifupa ya kifundo mna mishipa midogo ya fahamu, ambayo huuarifu ubongo, bila ya mwenyewe kutambua, namna unyayo ulivyokaa juu ya ardhi. Na kano zikivutika kupita kiasi au kuchanika, habari hizo nazo hupunguka, na hii ni mojawapo ya sababu zinazomfanya aliyeteguka mara moja kuwa karibu na kuteguka tena.

Mnamo mwaka 1965 daktari mpasuaji wa Uingereza, M. A. R. Freeman, alilibainisha jambo hili, akahimiza mazoezi ya kusawazisha mwili kuwa sehemu ya dawa. Hata leo mtaalamu wa tiba ya viungo, maumivu yakishatulia, humwelekeza mgonjwa asimame karibu na ukuta kwa mguu ulioumia, kwanza macho wazi, kisha ameyafumba, na hapo misuli huonekana ikitukutika kutafuta utulivu. Baadaye huongeza kuinua visigino polepole na kuuvuta mkanda wa mpira kwa unyayo.

Tahadhari: asiyeweza kwenda hatua 4, au aumiaye sana abonyezwapo mfupa wa kifundo, hana budi kumwona daktari kwanza, apigwe eksirei.