Jina la Kweli katika Hadithi ya Kubuni: Maelezo juu ya Filamu ya "The Odessa File"

Hadithi za ujasusi kwa desturi hujificha nyuma ya majina ya kubuni. Mtungaji humpa adui jina lisilo la mtu yeyote, naye msomaji huridhika akijua kwamba yote ni mchezo. Filamu ya "The Odessa File", iliyoongozwa na Ronald Neame na kutolewa mwaka 1974, iliivunja desturi hiyo. Mhalifu wa Kinazi anayesakwa humo, Eduard Roschmann, alikuwa mtu hasa, na filamu ilipoanza kuonyeshwa alikuwa angali hai. Makala hii yakusudia kueleza jinsi jina hilo lilivyoingizwa katika hadithi, na kazi lililoifanya nje ya hadithi.

Kisa kimetoka katika riwaya ya Mwingereza Frederick Forsyth, iliyochapishwa mwaka 1972. Chaanza mjini Hamburg tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Peter Miller, mwandishi wa habari, alifuata gari la wagonjwa hata akafika kwa mzee wa Kiyahudi aliyejiua. Mzee huyo ameacha daftari la kumbukumbu za mateso ya Riga, na humo yameandikwa matendo ya Roschmann. Miller aazimia kumtafuta.

Hapa lugha yetu yatufaa, maana yatenga mambo mawili. Mpelelezi hufuatia jambo kwa kuuliza na kuchungua, naye aweza kufanya hivyo mchana na kwa jina lake mwenyewe. Jasusi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, huingia kwa watu kwa siri, mara nyingi akiwa na sura isiyo yake. Mwanzoni Miller ni mpelelezi tu. Anapokubali kufundishwa maisha ya askari wa SS na kuchukua jina lake, ndipo awapo jasusi. Kwa maoni yangu, mahali anapohojiwa na mmoja wa wazee wa SS ndipo palipo bora katika filamu nzima. Hapana mbio wala risasi. Jibu moja likikosewa, amekwisha.

Roschmann wa kweli alizaliwa Austria mwaka 1908. Tangu Januari 1943 alikuwa mkuu wa geto la Riga, katika Latvia, yaani mtaa waliofungiwa Wayahudi. Na walionusurika walimjua kwa jina la "Mchinjaji wa Riga". Yafaa kukumbuka kwamba mauaji makubwa ya msitu wa Rumbula, walikouawa Wayahudi wapatao 25,000 kwa siku mbili, 30 Novemba na 8 Desemba 1941, yalikuwa yamekwisha tendeka kabla hajashika ukuu huo. Mwaka 1948 alitoroka kwa njia ya Italia hata Ajentina, akajiita Federico Wegener na kufanya biashara ya mbao. Mwaka 1968 alipewa uraia wa huko. Katika filamu, lakini, yumo Ujerumani, tajiri mwenye kiwanda kinachosaidia Misri kuunda makombora. Hilo ni la kubuni tupu.

Kwa nini basi jina lake litumiwe? Jibu lapatikana kwa Simon Wiesenthal, aliyenusurika katika kambi za Wanazi na baadaye akafungua mjini Vienna ofisi ya kukusanya habari za wahalifu wa vita. Yeye alimsaidia Forsyth, akawa pia mshauri wa watengenezaji wa filamu. Na katika filamu yumo kama mhusika, akiigizwa na Shmuel Rodensky. Mradi wake ulikuwa kwamba jina lililokwisha sahauliwa litajwe duniani kote, hata mwenyewe asiwe na pa kujificha.

Walakini njia hiyo ina gharama. Odessa yenyewe, chama kimoja kikubwa cha siri chenye mkono kila mahali, wanahistoria wengi wa leo waikana; waonyesha badala yake njia mbalimbali za kutorokea, pamoja na misaada ya baadhi ya mapadre na ya watu wa serikali ya Perón. Tena hadithi yamsingizia Roschmann kosa asilolitenda: kumpiga risasi kapteni wa jeshi la Ujerumani, ambaye mwishoni twaambiwa kuwa ni baba yake Miller. Naliona hilo kuwa udhaifu mkubwa. Kisasi cha mtoto mmoja wa Kijerumani chachukua mahali pa madai ya maelfu ya waliokufa Riga, kana kwamba vifo vyao havikutosha kumwondoa Miller nyumbani.

Mwisho nao umegeuzwa. Katika riwaya Roschmann aponyoka, na kwa hilo Forsyth alikuwa karibu zaidi na ukweli. Katika filamu Miller ampiga risasi akafa. Watazamaji wa 1974 walitoka katika nyumba za senema wamemwona maiti, hali yeye angali yuko Ajentina. Mwaka 1977, Ujerumani Magharibi ilipokuwa imekwisha kumdai ili ahukumiwe, na serikali ya Ajentina ikatangaza kwamba yalifikiria dai hilo, alikimbilia Paragwai. Alifariki hospitalini mjini Asunción mwezi Agosti mwaka huo huo, kwa maradhi ya moyo, pasipo kusimama mbele ya hakimu.