Ngao ya ngozi ya Idi: vijana wetu na historia ya Tabora

Kabla ya Idul-Adh'ha iliyopita, kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Tabora alileta ombi mbele ya kamati ya msikiti. Aliomba kona ya stoo ili atengeneze kinga za mabega za wapiganaji wa kale wa Japani, waitwao samurai, kwa ajili ya maonyesho ya madrasa. Wapo wajumbe waliosema ni upuuzi, tena wa watu wasiotuhusu. Wapo waliosema kijana anayetumia mikono yake asivunjwe moyo. Sisi tulioshika kalamu ya kikao tulikosa la kuandika, tukaona heri aitwe aulizwe.

Alitujibu vizuri kuliko tulivyotarajia. Kinga hiyo, inayoitwa sode, haikuwa pambo. Samurai wa kale alipigana kwa upinde akiwa juu ya farasi, mikono yote miwili ikiwa na kazi, hivyo hakuweza kushika ngao. Ngao ikaning'inizwa begani. Iliundwa kwa vipande vidogo kama magamba, vya chuma na vya ngozi mbichi, vikapakwa utomvu wa mti ili visioze, vikafungwa safu kwa safu kwa nyuzi za hariri. Kila kipande kilitobolewa mashimo 13 au 14. Bunduki za Wareno zilipofika Japani mwaka 1543, vazi zima lilianza kubadilika.

Tulikumbuka habari za Nabii Daud, amani iwe juu yake. Tunasoma katika Suratul-Anbiyaa na Surat Sabaa kwamba Allah alimfundisha kutengeneza deraya za kuwakinga watu, na kumwamrisha apime sawasawa uungaji wake. Kazi ya mikono yenye kipimo cha haki si upuuzi.

Hapo ndipo bibi mmoja, mjumbe upande wa akina mama, alipouliza: "Mjukuu wangu, za Japani umezijua. Za hapa kwetu umeziona wapi?" Kijana akainamisha kichwa. Nasi pia.

Basi tukaanza kuuliza na kusoma. Katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, zilipita ngao za namna mbalimbali. Waarabu wa Oman walikuwa na ngao ndogo ya mviringo ya ngozi nene, ambayo hadi leo huonekana kwao katika mchezo wa razha. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na baada ya kufa Zwangendaba huko Ufipa wakatawanyika. Kundi moja, Watuta, likafika kaskazini magharibi ya Unyamwezi na ngao ndefu za ngozi ya ng'ombe. Mtemi Mirambo alijifunza vita kwao, kisha akashirikiana nao. Lakini alipoingia Tabora mwezi Agosti 1871 na kuchoma sehemu ya mji, silaha iliyoogopwa ilikuwa gobori. Kama kule Japani, bunduki iliiondolea kinga ya kale thamani yake.

Kijana akachagua ngao ya Watuta. Ngozi ilipatikana kwa wepesi, kwa kuwa Idi ilikuwa mlangoni. Wanazuoni wengi hawaruhusu ngozi ya udh-hiya kuuzwa, wala kupewa mchinjaji kuwa ujira. Hutolewa sadaka au hutumiwa na mwenyewe. Pamoja na hayo, kila mwaka tunaona ngozi zikitupwa jalalani.

Ngozi ya kwanza tuliiharibu. Tuliianika kwenye jua kali bila kuiwamba, ikajikunja na kukakamaa. Ya pili tuliiwamba kivulini kwa vigingi, manyoya yakiwa chini, tukakwangua mafuta na nyama kwa kisu butu, tukanyunyiza majivu kupunguza nzi. Kabla haijakauka kabisa, kijana alichora umbo la yai refu, kutoka ardhini hadi kifuani kwake, akalikata. Katikati, toka juu hadi chini, alipasua safu mbili za mipasuo midogo na kupitisha humo kanda za ngozi ya rangi nyingine. Kanda hizo si urembo mtupu, kwani nyuma ya ngao ndizo zinazoshika fimbo ndefu iliyo uti wa mgongo wake, na fimbo hiyo ndiyo mpini. Mabaki hayakutupwa. Aliyakata magamba, akayatoboa kwa msharasi, akaunga safu moja ya sode aliyoitamani tangu mwanzo.

Siku ya maonyesho watoto walijipanga kuishika ngao. Mzee mmoja wa saffu ya mbele, tunayesali naye kila siku, aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Bibi yangu alitekwa na watu wenye ngao. Kwenu imekuwa sifa. Andikeni na habari yake."

Tuliona haya. Tulikuwa tumepima kila mpasuo, lakini hatukumpima aliyesimama upande wa pili wa ngao. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, si mbali. Katika misikiti ya mji huu wanasali bega kwa bega wajukuu wa waliomiliki, wa waliotekwa, na wa wapagazi waliobeba mizigo kwa ujira. Jioni ile kijana aliketi na mzee, akaandika kwa mkono maneno machache ya bibi yule, bila kutaja jina, kama mzee alivyotaka. Karatasi ikawekwa kando ya ngao, na hadi leo vinakaa pamoja.

Ndugu wazazi, Idi ijayo msiitupe ngozi. Iwambeni kivulini, muwape watoto kisu na usimamizi, na muwaachie wachague: sode, ngao au msala. Lakini kabla hawajaanza, wapelekeni kwa mzee wa nyumba ya pili wakamsikilize. Uzito wa ngozi utafahamika mkononi. Uzito wa historia hufahamika kwa kuuliza. Allah atujaalie kuwa wakweli katika vyote viwili. Amin.